Kila Mmoja Akisema "Sina Makosa"



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya bendi za muziki. Msishangae. Ukurasa huu ni wa mume na mke, nao utabaki kuwa wa mume na mke. Lakini mambo yanayovunja bendi na yale yanayovunja nyumba ni ndugu wa tumbo moja, na sote tunajua kwamba ni rahisi kuuona ufa katika ukuta wa jirani kuliko katika ukuta wetu. Basi tutaanza kwa jirani, kisha tutarudi kwetu, hapa Kataboi, na Kalokol, na Lodwar, na Kakuma, na kila mahali ambapo wawili waliahidiana mbele ya altare.

Tunawaomba msome makala hii pamoja. Mmoja asome kwa sauti, mwingine asikilize. Kama mwenzako yuko mbali na mifugo au yuko kazini mjini, mwekee ukurasa huu mpaka arudi.

Nyumba moja iliyokuwa tatu

Wengi wenu mnazijua nyimbo za Simba Wanyika na Les Wanyika. Zinapigwa harusini, zinapigwa katika matatu, na redio haijachoka nazo hata leo. Lakini je, mnakijua kisa chenyewe?

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga, Tanzania. Walipiga muziki kwao katika bendi ya Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Jina zuri: simba wa nyika. Sisi tunaoishi nyikani tunaujua uzito wake. Bendi ilipendwa. Uso wake ulikuwa ndugu hao wawili, na nyuma yao walisimama wanamuziki wengine, akiwamo Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tommy Malanga wa gitaa la bezi na Rashid Juma wa ngoma.

Mwaka 1978 hao waliosimama nyuma waliondoka. Walianzisha bendi yao, wakaiita Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao. Mwaka 1979 wimbo wao mmoja uliwafanya wajulikane Afrika Mashariki nzima. Unaitwa "Sina Makosa". Sauti ya Issa Juma ilisikika humo. Haukupita muda mrefu, Issa Juma naye akatoka kwa wenzake, akaanzisha Super Wanyika.

Tazameni, wapendwa. Katika muda wa miaka michache tu, nyumba moja ilikuwa nyumba tatu, na kila moja ilijiita Wanyika. Waliachana, lakini hakuna aliyekubali kuliacha jina. Je, si hivyo hivyo kwa mume na mke waliotengana? Mama amerudi kwao, baba amebaki kwake, lakini watoto bado wanaitwa kwa jina la baba yao, na mama bado anaitwa "mama fulani" kwa jina la mtoto aliyemzaa katika nyumba ile. Jina haligawanyiki.

Ndugu wa Kinyonga waliendelea na wanamuziki wengine, wakafika hata Ulaya na muziki wao. George alifariki mwaka 1992. Wilson alifariki mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, na John Ngereza mwaka 1999. Nyimbo zao zipo, nasi tunazicheza. Lakini leo hakuna awezaye kuwaita wote wakae mkeka mmoja wayamalize yaliyobaki. Muda wa kukaa pamoja una mwisho, na mwisho huo haupigi hodi.

Bendi si ndoa

Mtu anaweza kutuuliza: mbona kutengana kwao kulizaa nyimbo nzuri? Ni kweli, nasi hatutaki kuwadanganya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bila ya mwaka 1978 tusingekuwa na Les Wanyika. Bendi ni kazi, na mfanyakazi ana haki ya kutafuta kazi nyingine. Wala hatuwahukumu marehemu hao, ambao walituachia furaha nyingi.

Lakini ndoa si kazi. Mpiga gitaa akiondoka hubeba gitaa lake na kwenda zake. Mke au mume akiondoka, abebe nini? Mtoto wa miaka sita hagawanyiki kama vyombo vya muziki. Mbuzi wa mahari waliokwisha kugawanywa kwa wajomba na ndugu hawarudi zizini kwa urahisi. Na ile ahadi ya altareni haikusema "mpaka nitakapopata kikundi kizuri zaidi". Ndiyo maana inatupasa kufanya kazi ambayo bendi nyingi haziifanyi: kuuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

Basi tuwaze kidogo. Tuwaze kwamba usiku mmoja wa mwaka 1978, kabla mtu yeyote hajafunga gitaa lake mkobani, wanamuziki wote wa Simba Wanyika wanakaa chini, milango imefungwa, wala hakuna mlevi wala mshabiki karibu. Wangezungumza nini ili wabaki pamoja? Sisi tunaona mambo matatu, maana ndiyo yanayosumbua kila bendi, nayo ndiyo yanayosumbua kila nyumba.

La kwanza: daftari liwe wazi

Katika bendi, fedha huingia kwa njia nyingi. Kuna kiingilio cha mlangoni, kuna malipo ya kurekodi, kuna zawadi za matajiri. Mwenye bendi anapozipokea na kuzigawa peke yake, hata akigawa kwa haki, wengine huanza kuhesabu gizani. Na anayehesabu gizani siku zote hupata jumla kubwa kuliko ile ya kweli. Kwa hiyo katika kikao chetu cha kuwaza, Wilson anaweka daftari katikati na kusema: "Hizi ndizo zilizoingia, haya ndiyo madeni. Someni."

Tuje Kataboi. Chukueni mfano wa mume anayevua ziwani. Nyavu amezichukua kwa mkopo kwa mfanyabiashara, na kila mara samaki wakipatikana sehemu yao inakwenda kulipa deni. Mke wake anakausha samaki, anasuka vikapu vya mkoma, na anauza. Mume hamwambii mke ukubwa wa deni kwa sababu anaona aibu. Mke hamwambii mume fedha za vikapu kwa sababu anaogopa zitakwenda kwenye pombe. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, simu inageuzwa kifudifudi. Hakuna mwizi katika nyumba hii. Kila mmoja anajua moyoni kwamba hana makosa. Lakini mke anasema, "Mume wangu ananificha," na mume anasema, "Mke wangu ana benki yake." Wote wawili wamesema kweli!

Dawa yake ni ngumu kuimeza, lakini ni rahisi kuieleza. Mara moja kwa mwezi, watoto wakiwa wamelala, wekeni yote juu ya mkeka: fedha zilizoingia, madeni yote, na ahadi mlizotoa kwa ndugu. Anayeona aibu aanze na deni. Aliyeambiwa deni asipige kelele usiku huo. Akipiga kelele, mwezi ujao hataambiwa.

La pili: aliye nyuma naye asikike

Wanaojua muziki watawaambia kwamba mtindo ule wa Wanyika unakaa juu ya gitaa la ridhimu. Gitaa la solo ndilo linalosifiwa, maana ndilo linaloruka juu. Gitaa la ridhimu linarudia jambo lile lile tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na msikilizaji hata halitambui. Lakini liondoe, na wimbo wote unaanguka. Omar Shabani alikuwa fundi wa gitaa hilo. Alipoondoka na wenzake, mtindo uliondoka nao, na watu wakausikia kwa Les Wanyika.

Katika kila ndoa kuna anayepiga solo na kuna anayepiga ridhimu. Anayepiga ridhimu ni yule anayeamka kwanza kutafuta maji, anayejua mtoto yupi ana kikohozi, anayepasua na kukausha samaki jua likiwa kali. Mara nyingine ni mume, anayekaa mwezi mzima malishoni wakati wa kiangazi, au anayelala ziwani upepo ukivuma ili watoto wapate karo. Hakuna anayempigia makofi. Na siku akisema amechoka, anajibiwa, "Kwani umefanya nini?"

Mnaijua edonga yetu. Mrukaji huruka vizuri kwa sababu wengine wanaimba na kupiga makofi. Wakinyamaza, anabaki mtu anayeruka-ruka peke yake mchangani. Kwa hiyo, baba, msifu mama watoto mbele ya mama yako mzazi, si chumbani tu. Na wewe mama, mume akirudi na samaki wachache, usianze na uchache wao. Anza na kwamba amerudi.

Hapa inafaa kuwaletea kisa cha bendi nyingine, ya mbali lakini maarufu kuliko zote: The Beatles, vijana wanne wa Liverpool, Uingereza. Mwezi wa Agosti 1968 mpiga ngoma wao, Ringo Starr, aliondoka. Aliona kwamba hapigi vizuri, na kwamba wale watatu ni kitu kimoja na yeye yuko nje. Alipowaendea wenzake kuwaeleza hivyo, jibu lilimshangaza. Kila aliyemwendea alimwambia kwamba yeye alidhani ndiye aliye nje, na kwamba wengine watatu ndio walioshikamana! Hebu fikirini. Watu wa chumba kimoja, na kila mmoja anajiona mgeni, na hakuna aliyesema mpaka mmoja alipoondoka. Walimwomba arudi. Aliporudi alizikuta ngoma zake zimepambwa kwa maua.

Maua yale hayakueleza nani alikosea. Yalisema jambo moja tu: nafasi yako ilikuwa tupu, nasi tuliona. Je, mwenzako anajua kwamba akiondoka utaona?

La tatu: nani anaingia mlangoni

Wale vijana wa Liverpool walipatana mwaka 1968, lakini hawakudumu. Msimamizi wao, Brian Epstein, alikuwa amefariki mwezi wa Agosti 1967, na tangu hapo walikosa mtu ambaye wote wanne walimwamini. Mwaka 1969 ilibidi wachague msimamizi mpya. Watatu walimtaka mfanyabiashara wa Marekani, Allen Klein. Wa nne, Paul McCartney, alitaka kazi hiyo iende kwa baba mkwe wake na shemeji yake, ambao walikuwa mawakili. Kila upande uliona kwamba mtu wa upande mwingine atawameza. Mwezi wa Aprili 1970 ikajulikana kwa dunia nzima kwamba Paul ameondoka, na tarehe 31 Desemba mwaka huo alifungua kesi mahakamani London dhidi ya wenzake watatu. Mwaka 1980 John Lennon aliuawa kwa risasi New York. Basi, ikawa haiwezekani tena wote wanne kukaa pamoja.

Nani hajaona jambo kama hili? Sisi Waturkana mahari hutolewa na ukoo, na hupokelewa na ukoo. Hilo ni jema, maana ndoa yetu ina watu wengi wa kuisimamia. Lakini waliochangia ng'ombe na mbuzi huona wana haki ya kusema, na waliopokea nao pia. Ugomvi mdogo wa mume na mke ukifikishwa kwa kaka wa mke, na ugomvi huo huo ukifikishwa kwa mama wa mume, kesho yake si ugomvi wa watu wawili tena. Ni kesi ya koo mbili. Ninyi mtapatana usiku, lakini wao hawalali katika nyumba yenu, nao hawatajua kwamba mmepatana.

Hatusemi mfunge mlango. Wazee wana hekima ambayo vijana hatuna. Tunasema mchague pamoja nani aingie. Kaeni mkiwa na amani mkubaliane: "Siku tukishindwa kuelewana, tutamwita nani?" Awe mtu ambaye wote wawili mnamwamini, si wako wala si wangu. Anaweza kuwa mzee mmoja wa ukoo, katekista, wasimamizi wenu wa ndoa, au mume na mke wa Jumuiya Ndogo ambao nyumba yao mnaiheshimu. Msimamizi anatafutwa kabla ya vita, maana vita ikianza kila mtu humtafuta wakili.

Neno kwa aliye hatarini

Wapendwa, kuna wanaosoma ukurasa huu huku mwili unauma. Kwao hatusemi "vumilia tu". Kukaa pamoja ni wito mtakatifu, lakini kupigwa si wito. Sheria ya Kanisa yenyewe inakubali kwamba mwenzi aliye hatarini, yeye au watoto wake, aweza kwenda kukaa mbali, na kama hatari haingoji, haimpasi kungoja ruhusa. Nenda mahali salama kwanza. Kisha mwone padre, mwone chifu, mwone mtu wa kukusaidia. Mazungumzo ya mkekani ni kwa wawili ambao hakuna anayemwogopa mwenzake.

Wakati bado upo

Hata watakatifu walitengana. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, Paulo na Barnaba, waliosafiri pamoja kwa ajili ya Injili, waligombana vikali juu ya kijana Yohane Marko. Barnaba alitaka waende naye, Paulo alikataa kwa sababu kijana alikuwa amewaacha safari ya kwanza. Kila mmoja akashika njia yake. Lakini hadithi haiishii hapo. Katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo anaomba aletewe huyo huyo Marko, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Paulo alibadili neno lake akiwa bado hai. Hilo ndilo tofauti kubwa kati ya kisa chake na visa vya bendi zetu.

Turudi kwenye kile kikao tulichokiwaza. Daftari liko wazi, aliye nyuma amesikika, msimamizi amekubaliwa na wote. Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Kila mmoja anaingia chumbani na maneno yale yale moyoni: sina makosa. Lilikuwa jina zuri la wimbo. Nyumbani ni neno la hatari, kwa kuwa akilisema mmoja, mwingine hulazimika kulisema pia, na baada ya hapo hakuna la kuzungumza. Wawili wasio na makosa hawana la kusameheana.

Tunawashauri mbadili neno moja tu. Badala ya kuanza na "Sina makosa", anza na "Kosa langu ni..." Lisiwe kosa la mwenzako ulilolivalisha nguo zako, kama "Kosa langu ni kukuvumilia mno". Liwe kosa dogo, la kweli, lako. "Baba watoto, kosa langu ni kwamba nilimwambia kaka kabla sijakuambia wewe." "Mama watoto, kosa langu ni kwamba deni la nyavu ni kubwa kuliko nilivyokuambia." Mtaona jinsi mwenzako anavyonyamaza. Mpe muda. Kimya hicho si hasira. Anatafuta la kwake.

Maswali ya mume na mke

Chagueni jioni moja wiki hii, upepo ukiwa umetulia na watoto wamelala. Kila mmoja ajibu, na mwingine asimkatize.

1. Ni fedha gani, au deni gani, ambalo mwenzangu halijui? Nitamwambia lini?

2. Ni kazi gani anayoifanya mwenzangu kila siku ambayo sijawahi kumshukuru? Nitamshukuru mbele ya nani?

3. Je, kuna siku niliyojiona mgeni katika nyumba yetu? Nilimwambia nani, na kwa nini sikukuambia wewe?

4. Tukishindwa kuelewana, ni nani tunayemwamini sote wawili? Tumekwisha kumwomba?

5. Kila mmoja amalize sentensi hii, bila kuongeza "lakini": "Kosa langu ni..."

Mkimaliza, salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu mmoja tu. Halafu mkalale. Yaliyobaki mtayazungumza kesho, maana mko pamoja bado.